Michezo huru ya video: mchezaji mtu mzima aongozwe mpaka wapi?

Mlango unafunguka na mchezaji wa Elden Ring anaona kwa mara ya kwanza bonde kubwa la majani, miti na magofu. Hatua chache mbele yake, askari aliyevaa dhahabu anazunguka polepole juu ya farasi. Hakuna maandishi yanayosema « kimbia ». Mgeni anamkaribia, anapigwa mara moja ao mbili, anakufa. Anarudi, anakufa tena. Mwishowe anafahamu jambo ambalo hakuna aliyemwambia: hapa si lazima kupigana. Anaweza kumpita kwa mbali, kwenda kutafuta nguvu kwingine, na kurudi siku atakayokuwa tayari.

Mchezo huo wa kampuni ya Japani FromSoftware, ulioongozwa na Hidetaka Miyazaki, ulitoka tarehe 25 mwezi wa pili mwaka wa 2022. Kule Marekani umepangwa kwa watu wa miaka 17 na zaidi. Wengi walisema ni mgumu kupita kiasi, lakini katika mwaka wa kwanza tu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

Mafanikio hayo yanaleta swali ambalo kila mtengenezaji wa michezo ya aina hii analijua vizuri. Mtu mzima ametoka kazini, ana watoto, na pengine ana saa moja tu ya umeme jioni. Anahitaji kuonyeshwa njia kwa kiasi gani? Akionyeshwa kidogo mno, anapotea, anazima mashine na harudi tena. Akionyeshwa kila kitu, anakuwa kama abiria ndani ya basi: anafika, lakini hakuendesha.

Ukitazama michezo iliyofaulu na ile iliyoanguka katika miaka 20 iliyopita, jibu linaanza kuonekana. Waliofaulu wanafundisha vyombo na sheria za ulimwengu wao, halafu wanamwachia mchezaji achague shabaha na njia ya kuifikia. Na akishindwa, sababu ya kushindwa kwake inaonekana.

Sanduku la mchanga

Kwa Kiingereza michezo hii inaitwa kwa jina la sanduku la mchanga. Katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani kuna sanduku kubwa la mbao lililojaa mchanga, watoto wanachezea humo. Mmoja anajenga nyumba, mwingine anachimba shimo, wa tatu anabomoa vya wenzake. Hakuna mshindi, na hakuna anayesema mchezo umekwisha.

Mmarekani Will Wright alileta wazo la namna hiyo kwenye ordinateri mwaka wa 1989 kwa mchezo wa SimCity, ambapo mchezaji anajenga mji na kuusimamia. Mwanzoni wauzaji walisitasita. Walijiuliza ni nani atakayenunua mchezo usio na kushinda wala kushindwa. Watu walinunua. Baadaye ikaja GTA San Andreas mwaka wa 2004, ambayo vijana wengi wa miji yetu wanaijua, kisha Minecraft na mingine mingi.

Ugumu wa kutengeneza mchezo huru unatoka mahali pamoja. Katika mchezo wenye njia moja, mtengenezaji anajua mchezaji akifika mlango wa tano atakuwa amejifunza nini na ana silaha gani. Kwa hiyo anaweza kupima ugumu kama mpishi anavyopima chumvi. Katika mchezo huru hajui lolote. Mmoja atafika kwenye mlima akiwa na upanga na chakula, mwingine atafika mikono mitupu, na wa tatu hatafika kamwe kwa sababu alipenda kuvua samaki.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 kinachoitwa Flow, alieleza kwamba mtu anazama ndani ya kazi ao mchezo pale ugumu unapolingana na uwezo wake. Ugumu ukizidi uwezo, anaingiwa na wasiwasi. Uwezo ukizidi ugumu, anachoka kwa uvivu. Watengenezaji wengi wa michezo wanalitumia wazo hilo. Lakini ukiwa hujui mchezaji yuko wapi na ana nini, utapimaje?

Uwanda wenye miamba pande zote

Jibu moja lilitoka kwa Nintendo ya Japani tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka wa 2017, siku ulipotoka mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, chini ya uongozi wa Hidemaro Fujibayashi. Mchezo huo unachezwa na watoto na wakubwa. Ulimwengu wake ni mkubwa sana, na mchezaji anaweza kuelekea upande wowote.

Lakini hauanzi hivyo. Saa za kwanza zinapita juu ya uwanda ulioinuka, wenye miamba mirefu pande zote. Ukiruka kutoka huko juu, unakufa. Mzee mmoja anakuahidi chombo cha kurukia hewani kama utaingia katika mahekalu manne. Kila hekalu linakupa uwezo mmoja: kuvuta vyuma, kulipua, kusimamisha kitu kwa muda, na kusimamisha nguzo za barafu juu ya maji.

Uwanda huo ni darasa, lakini mwanafunzi hajisikii yuko darasani. Mfano mzuri ni mlima wa baridi. Kule juu mchezaji anaganda na kufa kidogo kidogo. Anaweza kupika chakula cha pilipili kinachotia joto mwilini. Anaweza kubeba mwenge wa moto. Anaweza kutafuta nguo nzito. Hakuna jibu moja lililo sahihi. Mchezo umemfundisha kwamba baridi inaua na moto unatia joto, basi. Mengine ni akili yake.

Akimaliza uwanda, anapewa chombo cha kuruka na mlango wote wa ulimwengu unakuwa wazi. Hata adui mkubwa wa mwisho anaweza kumwendea hapo hapo. Wachezaji hodari wamemaliza mchezo mzima chini ya nusu saa. Wengine wanatumia saa 200.

Nje ya uwanda, mwongozo haukuisha, umejificha ndani ya ardhi. Katika mkutano wa watengenezaji wa michezo nchini Japani mwaka huo huo, wafanyakazi wa Nintendo walieleza kwamba walipanga milima na vilima vyao kwa umbo la pembetatu. Mlima unaficha kilicho nyuma yake, na mchezaji anapaswa kuchagua: apande ao azunguke? Akizunguka, kitu kipya kinajitokeza upande wa pili na kumvuta. Hakuna mshale unaomsukuma, anavutwa na macho yake mwenyewe.

Mwalimu alikuwa nje ya mchezo

Minecraft ilipita njia nyingine. Mswidi Markus Persson alitoa toleo la kwanza kwa watu wote mwezi wa tano mwaka wa 2009, na mchezo ukatangazwa kuwa umekamilika mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2011. Mwanzoni haukuwa na somo lolote. Unatua katika pori la matofali, jua liko juu, na huna kitu mkononi. Mchana ni wa dakika 10 hivi. Kisha giza linaingia na mazuka yanatoka.

Usiku huo wa kwanza ndio uliowafundisha watu. Aliyekufa gizani alielewa kwamba kesho yake anahitaji ukuta na taa. Lakini kuna kitu ambacho usiku haukuweza kufundisha: kwamba mbao na vijiti vikipangwa kwa umbo fulani vinakuwa sururu. Hilo mtu hawezi kulibuni kwa akili tu. Wachezaji walilazimika kuuliza marafiki, kutafuta video, ao kusoma kurasa zilizoandikwa na wachezaji wengine.

Kwa miaka mingi hali ilikuwa hivyo. Kitabu cha mapishi ya vifaa kiliingizwa katika toleo la ordinateri mwezi wa sita mwaka wa 2017 tu. Wapenzi wengine wa zamani walinung'unika kwamba siri imeharibiwa. Lakini hesabu ni nyepesi kwa mtu wa kwetu. Kutafuta video kunakula megabaiti, na megabaiti zinalipwa kwa dola. Mwongozo uliowekwa nje ya mchezo ni mwongozo wa yule mwenye intaneti.

Hapa tofauti moja inajitokeza. Kuna mambo mtu anaweza kuyagundua kwa kujaribu, na kuyaficha kunaleta furaha. Kuna mengine hayawezi kugunduliwa kwa kufikiri, na kuyaficha ni kumchosha mtu bure. Minecraft ilichukua miaka kutenganisha haya mawili. Hata hivyo, mwezi wa kumi mwaka wa 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zimeuzwa. Ulimwengu wake ulikuwa na mvuto wa kutosha kuwafanya watu wavumilie.

Uhuru mtupu unachosha

Si kila mchezo unaosamehewa. Tarehe 9 mwezi wa nane mwaka wa 2016 kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ilitoa No Man's Sky. Hesabu za mashine zilitengeneza sayari zaidi ya trilioni milioni 18, nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzitembelea hata akiishi mara elfu. Shabaha iliyowekwa ilikuwa kufika katikati ya galaksi.

Hasira ilikuwa kubwa. Wengi walilalamika kwamba mambo yaliyoahidiwa hayakuwemo. Lakini hata waliokubali mchezo kama ulivyo waliona tatizo la pili: baada ya sayari kumi, ya kumi na moja haikuwa na sababu. Uliweza kwenda popote, na hakuna mahali palipokuita. Ugumu nao ulikuwa wa kurudia-rudia: kuchimba madini, kujaza mafuta, kuruka, kuchimba tena.

Kampuni ilinyamaza, ikarudi kazini. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo iliongeza ujenzi wa makao na namna tofauti za kucheza: ya kawaida, ya kuhangaika kwa wanaotaka shida, na ya kujenga tu kwa wasioitaka. Mwaka wa 2017 ikaja hadithi ndefu ya kufuata. Mwaka wa 2018 watu wakaweza kucheza pamoja kwa kweli. Mwezi wa kumi mwaka wa 2022 mchezaji akapewa uwezo wa kupanga ugumu kipande kwa kipande: maadui, bei za vitu, hewa ya kupumua. Polepole maoni ya wachezaji yakageuka, na leo mchezo huo unatajwa kama mfano wa kazi iliyokufa ikafufuka.

Tukitazama yaliyoongezwa, mengi yalikuwa sababu za kukaa mahali na kurudi kesho. Mtu mzima hatoi jioni yake kwa ukubwa peke yake. Anataka kuwa na kitu alichoanza jana.

Ndugu wawili na ngome

Mfano wa mwisho unagusa maisha ya watengenezaji wenyewe. Wamarekani wawili, ndugu Tarn na Zach Adams, walianza kazi ya Dwarf Fortress mwaka wa 2002 na kuitoa bure mwaka wa 2006. Mchezaji anaongoza kundi la mbilikimo wanaochimba mlima na kujenga ngome. Kila mbilikimo ana moyo wake, urafiki wake, huzuni yake. Mwaka wa 2012 jumba la sanaa la MoMA la New York liliuchagua kati ya michezo 14 ya kwanza ya mkusanyo wake.

Lakini wachache waliweza kuucheza. Picha hazikuwepo, kulikuwa na herufi na alama tu. Amri zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeelezwa lolote. Kati ya wachezaji kulikuwa na msemo kwamba kushindwa ndiyo raha yenyewe, na ulikuwa wa kweli kwa aliyekwisha kuelewa. Ngome inayoanguka kwa mafuriko yaliyotokana na kosa lako ni kisa cha kusimulia. Ngome inayoanguka kwa sababu hukujua kibonye cha kufungulia mlango ni kero tu.

Kwa miaka mingi ndugu hao waliishi kwa michango ya mashabiki. Ugonjwa ulipoingia katika familia, na gharama za matibabu za Marekani zikawatisha, waliamua mwaka wa 2019 kutengeneza toleo la kuuzwa. Lilitoka tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2022, likiwa na picha, matumizi ya kipanya, na somo la mwanzo. Lilinunuliwa na watu mamia ya maelfu katika wiki chache, na maisha ya ndugu hao yakabadilika.

Je, mchezo ulirahisishwa? Hapana. Mafuriko yalibaki, njaa ilibaki, mbilikimo bado wanapata wazimu. Walichoondoa ni ukuta uliokuwa mbele ya mlango. Ugumu wa ndani haukuguswa.

Ugumu wa nani?

Linabaki swali la mtu aliyekwama. Wanaokumbuka San Andreas wanakumbuka pia kufukuza treni kwa pikipiki. Ukishindwa, ulirudi mpaka mahali pa kuanzia na kuanza upya. Mwaka wa 2013, katika GTA V, mchezo uliopangwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi katika Ulaya, kampuni ya Rockstar ilibadilisha jambo hilo. Ukishindwa mara tatu mahali pamoja, unaulizwa kama unataka kuruka kipande hicho. Unaweza kukataa. Halazimishwi mtu.

Project Zomboid, mchezo wa kampuni ya The Indie Stone kuhusu maisha kati ya wafu wanaotembea, unakwenda mbali zaidi. Kabla ya kuanza, mchezaji anaweza kupanga idadi ya wafu hao, mwendo wao, na siku ambayo maji na umeme vitakatika. Sura hiyo ya mwisho, mkaaji wa Goma ao Bukavu hahitaji kufundishwa. Mchezo unakuonya tangu mwanzo kwamba utakufa. Kazi yako ni kuchagua utaishi namna gani kabla ya siku hiyo.

Hata Elden Ring, pamoja na jina lake la ukali, ilirekebisha. Mwanzoni kuna shimo la mafunzo ambalo wachezaji wengi walilipita bila kuliona, wakaingia duniani bila kujua hata kujikinga. Na watu wenye hadithi walitawanyika hivi kwamba mchezaji aliyeacha mchezo wiki moja alisahau walikuwa wapi. Mwezi wa tatu mwaka wa 2022 kampuni iliongeza alama zao katika ramani. Maadui hawakupunguzwa kwa hilo. Kilichopunguzwa ni mzigo wa kukumbuka, ambao kwa mtu mwenye kazi na familia si changamoto, ni adhabu.

Wale wanaosema msaada wowote unaharibu mchezo wana hoja moja nzito: ushindi uliopewa bure hauna ladha. Ni kweli. Lakini mifano hii inaonyesha kwamba mtu anaweza kuondolewa kero bila kuondolewa jasho.

Nairobi, na sisi huku

Kuna mahali ambapo jambo hili lilitoka nje ya burudani. Mwaka wa 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu yake Nairobi, lilianzisha na kampuni ya Minecraft mpango wa Block by Block. Wakaaji wa mtaa wanakusanyika, wakiwemo wazee na watu wasiowahi kushika ordinateri. Wanafundishwa namna ya kusogea na kuweka matofali. Kisha wanajenga wenyewe bustani ao uwanja wanaotaka katika mtaa wao. Kibera ya Nairobi ilikuwa kati ya mahali pa kwanza. Mkufunzi anafundisha chombo. Hasemi benchi liwekwe wapi, kwa kuwa anayejua jua linapiga wapi saa tisa ni mama anayeuza pale.

Hata mchezo wa mashimo na mbegu wa wazee wetu, kisolo kwa wengine, igisoro kwa wengine, unafundishwa vivyo hivyo. Mtoto anaelezwa namna ya kusambaza mbegu na namna ya kukamata. Baada ya hapo anakaa pembeni, anatazama, anaketi mbele ya mzee, anashindwa. Mzee hamwambii acheze shimo gani. Lakini hamfichi sheria.

Vijana wa Kivu, Ituri ao Katanga wanaojifunza leo kutengeneza michezo kwa programu za bure kama Godot wanaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kumpa mtu kazi yao. Jambo hili, mchezaji anaweza kuligundua kwa kujaribu? Kama hawezi, aambiwe, tena ndani ya mchezo wenyewe, si katika video inayokula megabaiti. Akishindwa, ataona kosa lilikuwa lake? Kama haoni, kosa ni la mtengenezaji. Na umeme ukikatika katikati, akirudi baada ya siku nne, atakumbuka alikuwa akifanya nini?

Namna ya kupata majibu haina gharama kubwa. Mkalishe mtu mzima ambaye hajaona mchezo wako mbele ya mashine ao umpe telefone, ukae nyuma yake, ufunge mdomo. Kila mara unapotamani kumwambia neno, liandike. Baadhi ya maneno hayo yatapaswa kuingia ndani ya mchezo. Mengine ni yale aliyopaswa kuyagundua mwenyewe, na ulikuwa karibu kumnyang'anya.